Mtwa Mkwawa na njia ya zamani: kilichobaki, kinachosimuliwa na kinachochimbwa usiku

Abiria anayetoka Dar es Salaam kuja Makambako hupita Lugalo, kabla hajafika Iringa. Kando ya barabara kuna mnara wa kumbukumbu. Basi halisimami, na wengi wakati huo wamelala au wanaangalia simu. Mahali pale, mwezi Agosti mwaka 1891, jeshi la Wajerumani lilivunjwa kwa mikuki ndani ya muda mfupi kuliko wa kuchemsha chungu cha ugali.

Wapo wasiolala kwenye njia hiyo. Hao hutembea na sururu, hutafuta jiwe lenye alama ya msalaba, mti mkubwa uliosimama peke yake au kaburi lililosahaulika. Wanatafuta kile tunachokiita mali ya Mjerumani. Kuanzia Iringa hadi Mafinga, Makambako, Njombe na kuendelea Songea, karibu kila kijiji kina mtu aliyewahi kuchimba, au anayemfahamu aliyechimba.

Msikilizaji, leo tunaeleza maisha ya mtu ambaye jina lake limefungwa na njia hii kuliko jina lingine lolote: Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, aliyejulikana kwa kifupi kama Mkwawa. Ukiyajua maisha yake utajua ni kitu gani hasa kimebaki kwenye njia hii, ni kipi ni hadithi, na kwa nini yale mashimo yanatupotezea zaidi ya yanavyotupatia.

Njia ilikuwepo kabla ya Mjerumani

Tukisema njia ya Mjerumani tunasahau kuwa Mjerumani aliikuta. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani, Bagamoyo na Kilwa, ikaingia bara kwa njia za miguu ambazo watu walipita mmoja nyuma ya mwenzake. Wapagazi walibeba nguo, shanga, baruti na bunduki kuja bara. Waliporudi walibeba pembe za ndovu, na pamoja nao walitembea watu waliofungwa minyororo kwenda kuuzwa.

Kila mtawala ambaye msafara ulipita kwake alidai hongo. Wakati ule hongo halikuwa neno la rushwa kama leo. Ilikuwa kodi ya kupita: nguo kadhaa, baruti kidogo, bunduki, ndipo msafara upewe maji, chakula na usalama. Aliyeishika njia alipata bunduki, aliyepata bunduki aliwashinda majirani, na aliyewashinda majirani alipata ng'ombe na pembe za kuuza tena. Katika mzunguko huo ndimo ulimokua utawala wa Wahehe.

Mtoto wa Munyigumba

Mkwawa alizaliwa karibu mwaka 1855, huko Luhota, sehemu ambayo leo ni mkoa wa Iringa. Baba yake, Munyigumba, alikuwa wa ukoo wa Muyinga. Kabla yake Uhehe ulikuwa na koo nyingi, kila moja na mkubwa wake. Munyigumba aliziunganisha, nyingine kwa ndoa na nyingine kwa vita, akawa mtwa, ndivyo Wahehe wanavyomwita mtawala mkuu. Makao yake yalikuwa Lungemba, upande wa Mafinga ya leo, karibu na barabara hiihii tunayopita.

Munyigumba alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1870, nyumba yake iligawanyika. Mwambambe, mkwe wake aliyekuwa jemadari hodari, aliutaka utawala. Kijana Mkwawa akalazimika kukimbia, na masimulizi yanasema alikwenda Ugogo. Baadaye alirudi na watu wake wakapigana na Mwambambe, na katika pambano la mwisho Mwambambe akauawa. Mahali hapo pakaitwa Lundamatwe, maana yake palipolundikwa vichwa. Kijiji cha Lundamatwe kipo hadi leo, na jina lake linatunza habari hiyo bila kibao wala mnara.

Kwa hiyo utawala haukumfikia Mkwawa kwa urithi wa utulivu. Aliupata kwa damu akiwa bado kijana, na tangu hapo alijua kwamba anayelala mapema hunyang'anywa. Aliweka watu wa kulinda mipaka na wapelelezi wa kumletea habari. Misafara iliyokuja ilijulikana Kalenga kabla haijafika. Kalenga ndiyo aliyoifanya mji wake mkuu, kando ya mto Ruaha Mdogo, akajenga ngome ya mawe kuizunguka. Kwa Kihehe ngome ni lilinga, na ndipo lilipotokea jina la mji wa Iringa.

Kwa jirani zake, hakuwa malaika

Hapa ni Njombe na Makambako, na lazima tuseme ukweli ambao vitabu vya shule huupita haraka. Kwa taifa Mkwawa ni shujaa. Kwa babu zetu wengi wa Ubena, jina hilo lilikuwa sababu ya kuficha ng'ombe na kulala porini.

Tangu wakati wa Munyigumba, Wahehe walipigana na Wabena na kuteka mifugo na watu. Sehemu ya Wabena waliokuwa chini ya ukoo wa Kiwanga walisukumwa kuondoka nyanda za juu wakashuka bonde la Kilombero, ambako vizazi vyao wapo hadi leo. Wasangu chini ya Merere walifukuzwa Utengule, wakaenda kukaa Usafwa, upande wa Mbeya. Kusini Wahehe walikutana na Wangoni, ambao nao walikuwa wababe wa vita. Mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880 walipigana vikali, na hakuna upande ulioweza kuumeza mwingine. Wabena walikuwa katikati, wakiumizwa na pande zote mbili.

Jambo hili tulikumbuke kwa sababu linaeleza yaliyofuata. Wajerumani walipokuja hawakupigana na Mkwawa wakiwa peke yao. Merere na Kiwanga waliwasaidia. Ni rahisi leo kuwaita wasaliti. Lakini mtu aliyechomewa nyumba na kunyang'anywa watoto hakuwa akichagua kati ya Mwafrika na Mzungu. Alichagua kati ya adui anayemjua na mgeni asiyemjua. Baadaye aligundua kwamba mgeni naye alikuwa na kodi, kiboko na kazi za kulazimishwa. Wabena wa Njombe walilijua hilo mapema: Septemba mwaka 1905, wakati wa vita vya Majimaji, mtawala wao Mbeyela aliongoza shambulio dhidi ya misheni ya Yakobi, si mbali na mji wa Njombe. Na Wahehe safari hiyo hawakuungana na wapiganaji wa Majimaji. Njia hii moja imeona watu wakibadilishana nafasi hivyo.

Lugalo, Agosti 17, 1891

Wajerumani walipokuwa wameshika pwani, walitaka njia za misafara ziwe zao. Mkwawa alizidi kuzibana. Mazungumzo ya amani yalianza lakini hayakufika popote, kwa kuwa Wajerumani walitaka anyenyekee na yeye hakutaka.

Katikati ya mwaka 1891 kamanda Emil von Zelewski aliondoka pwani na kikosi cha makampuni matatu ya askari, wapagazi, mizinga na bunduki za rashasha, ambazo watu wa wakati ule waliziita bombomu. Zelewski alikuwa na jina la utani, Nyundo, na alilistahili: njiani alichoma vijiji. Masimulizi ya Wahehe yanasema Mkwawa alituma wajumbe wenye zawadi kwenda kumpokea, nao wakapigwa risasi.

Asubuhi ya Agosti 17 kikosi kilikuwa kinapita Lugalo, kikiwa kimejipanga mstari mrefu kwenye njia nyembamba yenye mawe na vichaka pembeni. Bunduki nyingi hazikuwa tayari, na mizinga ilikuwa imefungwa kwenye mizigo. Wahehe, wanaokadiriwa kuwa 3,000, walikuwa wamejificha. Inasimuliwa kuwa ofisa mmoja wa Kijerumani alimpiga ndege risasi, na mlio huo ukadhaniwa kuwa ishara ya kushambulia. Wahehe wakatoka na mikuki na ngao kabla askari hawajajaza bunduki.

Pambano kuu lilichukua dakika chache. Zelewski aliuawa kwa mkuki. Wazungu kumi walikufa, na askari na wapagazi zaidi ya mia mbili. Bunduki na mizinga ikachukuliwa kwenda Kalenga. Waliookoka walikuwa hasa wa nyuma ya msafara, chini ya ofisa aliyeitwa Tettenborn. Wahehe nao walipoteza watu, na masimulizi yanakubali kwamba ushindi ule uliacha vilio katika nyumba nyingi. Inaelezwa kwamba aliyeongoza wapiganaji uwanjani alikuwa Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Shika jina hilo, tutakutana nalo tena.

Ukifika leo kwenye mnara wa Lugalo utaona kwamba Wajerumani waliuweka kwa ajili ya wafu wao. Wapagazi waliokufa chini ya mizigo, watu waliochukuliwa kutoka vijiji vya njiani, hawana mnara. Kambi ya jeshi ya Lugalo jijini Dar es Salaam imebeba jina la mahali hapa.

Kuanguka kwa Kalenga

Baada ya Lugalo, Mkwawa hakukaa kimya. Mwaka 1892 wapiganaji wake walivamia kituo cha Wajerumani cha Kondoa, karibu na Kilosa. Njia ya misafara ya kati ikawa ya hatari, na serikali ya kikoloni ikaona kwamba bila kumwondoa haiwezi kuitawala nchi.

Oktoba mwaka 1894 gavana von Schele mwenyewe alikuja Kalenga na jeshi kubwa. Ngome ilipigwa mizinga, na tarehe 30 Oktoba Wajerumani waliingia ndani. Walipigana nyumba kwa nyumba. Ndani walikuta baadhi ya silaha za Zelewski, baruti nyingi na pembe za ndovu. Ile hazina ya Mkwawa ambayo watu bado wanaitafuta ardhini, sehemu yake kubwa ilichukuliwa siku hiyo, mchana kweupe, ikapelekwa pwani.

Hapa panahitaji mafunzo kidogo. Mkwawa alikuwa na bunduki nyingi na mizinga aliyoiteka, lakini alitegemea ukuta. Ukuta wa mawe ulitosha kuwazuia Wangoni na mikuki yao. Haukuweza kuzuia mizinga iliyowekwa mbali na kupiga kutoka juu. Lugalo alishinda kwa sababu alipigana porini, palipo pake. Kalenga alishindwa kwa sababu alimngoja adui mahali pamoja.

Miaka minne porini

Mkwawa hakukamatwa Kalenga. Alitoroka, na kwa karibu miaka minne alihama kutoka mlima hadi mlima na msitu hadi msitu. Watu walimpa chakula na habari, wengi kwa kumpenda na wengine kwa kumwogopa.

Mwaka 1896 ofisa Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, alijenga kituo cha kijeshi, na ndicho kilichokuja kuwa mji wa Iringa wa leo. Mbinu yake ilikuwa kuwagawa Wahehe. Desemba 1896 alimweka Mpangile, yule wa Lugalo, awe mtawala badala ya kaka yake. Haikufika miezi mitatu. Februari 1897 Wajerumani walimnyonga Mpangile wakimtuhumu kwamba anamsaidia Mkwawa kwa siri. Kama ni kweli au si kweli, watu walielewa jambo moja: kumtumikia Mjerumani hakukuwa kinga.

Vijiji vilivyoshukiwa kumlisha Mkwawa vilichomwa na mazao kuharibiwa, na watu wakaona njaa. Tangazo likatolewa kuwa atakayeleta kichwa chake atapata rupia 5,000. Kwa mkulima wa siku zile hizo zilikuwa fedha zisizohesabika. Hata hivyo miaka ikapita bila mtu kuzichukua. Kati ya habari zote za Mkwawa, hii ndiyo inayostahili kutufikirisha zaidi. Silaha huonyesha nguvu ya mtu. Maelfu ya watu wenye njaa kukataa kumuuza huonyesha kitu kingine.

Kufikia Julai 1898 alikuwa mgonjwa na amebaki na watu wachache sana. Kikosi kidogo cha Wajerumani kikiongozwa na sajini aliyeitwa Merkl kilikuwa kinafuata nyayo zake upande wa Pawaga. Kilimkamata kijana mmoja aliyekuwa akimhudumia, naye akaeleza alipo. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, kikosi kilikaribia taratibu, kikaona watu wawili wamelala karibu na moto. Walipigwa risasi kutoka mbali. Walipofikiwa, ilionekana kuwa Mkwawa alikuwa tayari amekufa kwa risasi aliyojipiga mwenyewe. Hakutaka kufikishwa kwa Bwana Sakarani akiwa hai.

Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Iringa kama uthibitisho. Mwili ulizikwa Mlambalasi. Kaburi lipo, kilometa kama 50 kutoka Iringa mjini kwa barabara inayokwenda Hifadhi ya Ruaha. Karibu nalo kuna pango la mwamba ambalo wanaakiolojia wamechimba kwa kibali na kukuta zana za mawe na mifupa ya watu walioishi hapo maelfu ya miaka kabla ya Mkwawa. Yaani hata mahali alipojificha mtu wa mwisho, watu wa kwanza walikuwa wameshapata kivuli.

Fuvu lililoingia kwenye mkataba wa dunia

Fuvu la Mkwawa lilipelekwa Ujerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, Waingereza walioichukua Tanganyika walitaka lirudishwe. Mwaka 1919, kwenye Mkataba wa Versailles uliomaliza vita, kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Fikiria: mkataba uliopanga mipaka ya Ulaya ulikuwa na nafasi ya kichwa cha mtwa kutoka Uhehe.

Miezi sita ilipita, ikawa miaka zaidi ya 30. Wajerumani walisema hawajui lilipo. Mwaka 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu mengi kutoka makoloni. Vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa vililinganishwa na vya mafuvu hayo, na likapatikana moja lenye vipimo vinavyokaribiana na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa Kalenga mbele ya umati mkubwa, likapokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Huyu ndiye baadaye aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Je, ndilo fuvu lenyewe? Wapo watafiti wanaotilia shaka, kwa sababu kulinganisha vipimo si uthibitisho kamili. Lakini swali linaloumiza zaidi ni hili: yale mengine yalikuwa ya nani? Kila fuvu lililobaki kwenye kabati la Bremen siku ile lilikuwa la baba au mama wa mtu. Mkwawa alidaiwa kwa sababu alikuwa mtwa. Wengine hawakuwa na mkataba wa kuwadai.

Fuvu lililorudi limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Kalenga, kilometa kama 15 kutoka Iringa mjini, pamoja na silaha za wakati ule. Iringa mjini kwenyewe, boma la zamani la Wajerumani sasa ni makumbusho, lililofunguliwa kwa wananchi mwaka 2016.

Hadithi za njiani

Mtu mkubwa akifa, hadithi humzunguka kama nyuki. Iringa kuna jiwe la Gangilonga, maana yake jiwe linalosema. Inasimuliwa kwamba hapo Mkwawa alikwenda kutafakari na kupata habari za adui. Ukilipanda utaelewa hadithi ilikotoka: unaona bonde lote na kila anayekuja. Jiwe lilimpa habari kweli, kwa macho. Wengine husema alikuwa na dawa za kugeuka kuwa upepo. Mtu aliyefichwa na vijiji vyote kwa miaka minne, machoni pa anayemtafuta, ni upepo kweli.

Hadithi hizo hazina madhara, zinatufundisha namna watu walivyomwona. Yenye madhara ni ile ya mali iliyozikwa.

Asili yake inaeleweka. Mwaka 1916 Waingereza walipanda kutoka kusini, kukawa na mapigano Malangali mwezi Julai, na Iringa ikaanguka mwezi Agosti. Mwezi Novemba walipigana Lupembe, kwetu Njombe. Mwezi huohuo, huko Ilembula, kikosi cha Kijerumani chenye Wazungu zaidi ya 50 na askari karibu 250 kilijisalimisha kikiwa na mzinga mkubwa. Wazee wetu waliwaona Wajerumani wakikimbia, wakitupa na kufukia vitu. Vilevile ni kweli kwamba mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kama 16,000 hivi, kila moja ikiwa na uzito wa takriban gramu 7.

Sasa tupige hesabu pamoja. Sarafu hizo zilikuwa chache kwa nchi nzima, zilitumika kulipa watu, na zikatawanyika mikononi mwa wengi. Askari wengi na wakulima walilipwa kwa noti za karatasi zilizochapwa wakati wa vita, ambazo baadaye hazikuwa na thamani. Jeshi linalokimbia na wapagazi wenye njaa hutupa risasi, magurudumu na vipande vya mizinga. Halibebi masanduku ya dhahabu kutoka kilima hadi kilima likiyazika kwa alama za misalaba. Na msalaba juu ya jiwe mara nyingi ni alama ya mpima ardhi, au ni kaburi.

Ndiyo maana mchimbaji hupata mifupa, chupa na misumari. Anayepata fedha ni yule anayemuuzia ramani, mganga anayetoza kufungua mizimwi, na tapeli anayemwambia kwamba ndani ya chuma cha zamani kuna zebaki ya mamilioni. Mwenye sururu hubaki na deni. Mashimo hubomoka juu ya watu, na mabaki ya mabomu ya vita hulipuka hata baada ya miaka mia.

Tunachopoteza, na la kufanya

Kaburi likishachimbwa haliwezi kurudishwa. Mtaalamu akikuta mkuki ukiwa ulipoangukia, udongo unamwambia nani alikuwa wapi na lini. Ukishauchomoa ukauuza, unabaki kipande cha chuma. Ulimwengu uliweka fuvu moja kwenye mkataba na kungoja miaka 35 lirudi nyumbani. Sisi tunafukua mifupa ya babu zetu wenyewe usiku na kuitupa kando ya shimo, bila Mjerumani kutulazimisha.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mabaki ya kale bila kibali, na kuyauza au kuyatoa nje ya nchi kiholela. Kwa hiyo, msikilizaji, ukilima ukakutana na kitu cha zamani, fanya hivi. Kwanza, kikiwa chuma kinachofanana na bomu au risasi kubwa, usikiguse wala usikigonge, waondoe watoto na utoe taarifa polisi. Pili, kikiwa chungu, sarafu, mkuki au mifupa, kiache mahali pake, piga picha kwa simu, na umweleze mwenyekiti wa kijiji ili afisa utamaduni wa halmashauri apate habari. Tatu, atakayekuletea ramani ya hazina na kukuomba mchango, jiulize kwa nini hachimbi mwenyewe.

Na kuna hazina moja ambayo haihitaji sururu wala kibali. Wapo wazee wa Ubena, Uhehe, Usangu na Ungoni ambao walisimuliwa na babu zao waliyoyaona wenyewe: nani alibeba mzigo wa Mjerumani, nani alikimbilia Kilombero, mtaa gani ulichomwa na nani. Mnara wa Lugalo haukuandika majina hayo. Mweke mzee kivulini, muombe asimulie polepole, na urekodi kwa simu yako. Taja mwanzoni jina lake, kijiji chake na tarehe, kisha hifadhi nakala mbili kwenye simu mbili. Anza na mzee wa nyumbani kwako, wiki hii, maana kila msiba wa mzee huondoka na sehemu ya njia hii.